Paa la Mjomba Halimo Kwenye Karatasi ya Mizigo

Hakuwa na kitanda. Godoro lake lilikaa sakafuni, limeegemea ukuta kwa upande mmoja kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Hakuwa na pasi. Shati la kazi alilinyoosha kwa kitako cha sufuria yenye maji ya moto. Hakuwa na shati la pili. Hakuwa na pazia, wala birika, wala kioo cha kuonyesha uso na kola kwa wakati mmoja. Kofia ya urubani hakuwa nayo, maana kampuni ilisema wazi kwamba mizigo haipigi saluti. Na neno "hapana" hakuwa nalo kabisa. Kwao lilikuwa neno la wakubwa, naye alikuwa binti, kitinda mimba.

Alichokuwa nacho ni leseni mpya, mistari miwili ya dhahabu mabegani, na kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, katika ndege ya mizigo yenye injini mbili. Kwa ajili ya kiti kile angelala hata juu ya misumari.

Lakini kiti hakikuwa chake bado. Alikuwa katika miezi mitatu ya majaribio. Siku ya mwisho rubani mkuu angejaza fomu, na mwenye kampuni, ambaye kila mtu alimwita Tajiri, angegonga muhuri. Bila muhuri, kiti angepewa mwingine. Vijana wenye leseni mfukoni na wasio na ndege walikuwa wamejaa tele, na kila Jumatatu wawili watatu walikuja getini na bahasha zao.

Jina la utani la Kifaranga alilipata siku ya kwanza. Walikuwa wamebeba vifaranga wa siku moja, elfu sita, ndani ya maboksi sitini yenye matundu. Ndege ile zamani ilikuwa ya abiria. Viti vilikuwa vimeng'olewa lakini spika zimebaki. Binti alifunga mkanda, akatazama saa zote za vipimo zinazomeremeta mbele yake, na kabla hajajijua alikuwa ameshika kipaza sauti.

"Mabibi na mabwana, karibuni ndani ya ndege yetu. Safari yetu itachukua saa moja na nusu. Tafadhali fungeni mikanda..."

Nyuma vifaranga elfu sita walijibu kwa pamoja. Binti akakishusha kipaza sauti.

Kapteni, yule rubani mkuu, aligeuka polepole. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na kwa kuwa hakuwahi kukimbilia jambo lolote tangu azaliwe, uwanjani walimwita Kapteni Taratibu.

"Endelea," alisema. "Hujawaonyesha mlango wa dharura."

"Samahani, Kapteni. Mazoea ya chuo."

"Samahani ya nini? Hao ndio abiria wasikivu kuliko wote niliowahi kubeba. Endelea, mwanangu."

Akaendelea. Tangu siku ile ikawa desturi. Wakibeba magodoro, Kapteni humwambia, "Waambie hawa wasilale kabla hatujapaa." Wakibeba maua, "Hawa wape pole, wanakwenda msibani." Binti alitangaza yote kwa sauti nzuri ya chuo, na Kapteni alicheka mabega yakitikisika, mikono ikiwa imetulia kwenye usukani.

Sasa nieleze habari ya ahadi, maana ndiyo iliyoleta yote.

Ukoo mzima ulikuwa umemsomesha urubani. Mjomba, kaka wa mama yake, aliuza mabati mapya aliyokuwa amenunua kwa ajili ya nyumba yake. Shangazi aliuza cherehani yake ya meza. Mama alivunja kibubu cha kununulia tangi la maji. Hakuna hata mmoja aliyedai. Lakini siku barua ya kuajiriwa ilipofika, binti alipanda juu ya kiti mbele ya ndugu wote akatamka kwamba kabla ya miezi mitatu kwisha, mjomba atakuwa na paa jipya, shangazi cherehani, na mama tangi. Vigelegele vikapigwa hadi majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mjomba alifurahi kupita kiasi. Wiki ya kumi aliezua paa lake la zamani lote, akahamishia kitanda jikoni, akakaa kusubiri.

Miezi miwili ya kwanza ilikuwa ya mafunzo, mshahara mtupu, nao uliishia kwenye kodi ya chumba, nauli na mikate. Mwezi wa tatu ndipo posho ilipoanza: kila saa moja ya kuruka na mzigo, posho moja. Binti alinunua daftari la miraba na kuanza kupima dunia yote kwa saa za kuruka. Paa la mjomba, saa hamsini na tano. Tangi la mama, saa ishirini na tano. Cherehani, saa kumi na tano. Jumla tisini na tano. Akiwa angani alitazama mbawa zikikata mawingu, akahesabu kimoyomoyo: bati, bati, bati, msumari.

Ili saa zitimie ilibidi aitwe kazini, na aliyemwita ni dada wa zamu, mwanamke wa ofisini aliyepanga nani aruke lini, kalamu moja sikioni na nyingine mkononi.

"Kifaranga, kesho asubuhi kuna maua."

"Naja, dada."

"Sijamaliza. Mchana kuna spea za matrekta."

"Naja."

"Na Jumamosi jirani yangu anaoa, sina wa kunisindikiza."

"Naja."

"Nilikuwa nakutania! Mtoto wewe, hukatai hata mzaha? Lala kidogo."

Hakulala. Asubuhi moja alimwamkia mwenye nyumba, "Niko tayari kuwasha injini, Kapteni." Siku nyingine aliingia dukani akasimama wima mbele ya kaunta akasema, "Naomba ruhusa ya kutua." Muuza duka alimtazama juu hadi chini. "Ruhusa ipo," akasema. "Mkate ndio hakuna." Binti alicheka njia nzima hadi nyumbani. Kila kitu kilimchekesha mwezi ule: sufuria yake ya kunyooshea shati, ndala zake, hata kivuli cha ndege kikikimbia juu ya mashamba kama mbwa aliyeachwa nyuma.

Ikafika siku ya mwisho ya majaribio.

Vifaranga walikuwa wamekwisha kupakiwa, elfu sita vilevile, wakielekea mji uleule ambako mama yake aliishi. Kapteni alikaa kiti cha kushoto na fomu ya majaribio juu ya goti. Ilibaki sehemu moja tu kabla ya swali la mwisho na sahihi.

"Hapa wanataka saa zako zote za siku ishirini na nane zilizopita. Dada wa zamu ana themanini na moja. Hakikisha kwenye kitabu chako, uandike, tuondoke."

Kwa marubani kuna sheria moja isiyo na mjadala: katika siku ishirini na nane hakuna kuruka zaidi ya saa mia moja. Mtu aliyechoka haaminiki angani. Kwa hiyo kila jioni rubani humtumia dada wa zamu saa zake za siku, naye huzijumlisha. Binti alikuwa amemtumia kila jioni bila kukosa. Ila alizinakili kutoka kwenye daftari la miraba.

Alifungua kitabu chake cha safari, kile cha kweli, ambamo aliandika kila kupaa na kila kutua. Alianza kujumlisha kwa ncha ya kalamu. Katikati ya ukurasa kalamu ikasimama. Kuna safari za kurudi tupu, ndege haina kitu ndani, na safari tupu hazilipiwi posho. Hazikuwa na bati wala msumari. Kwa hiyo hazikuingia kwenye daftari, na kwa hiyo dada wa zamu hakuwahi kuzisikia.

Akazijumlisha. Saa kumi na nane.

Themanini na moja, na kumi na nane: tisini na tisa. Na mbele yao kulikuwa na safari ya saa moja na nusu.

Nusu saa tu ya kuzidi! Nani angejua? Angeandika themanini na moja, Kapteni angetia sahihi, jioni Tajiri angegonga muhuri. Akisema, mzigo ungelala uwanjani siku ambayo Tajiri mwenyewe alikuwa amesimama pale nje baada ya kuhesabu maboksi, na fomu ingeraruliwa. Alitazama kiti alichokalia, ngozi yake iliyochanika pembeni na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Alikipenda hadi ule mshono.

Halafu akaanza kucheka. Hakuweza kujizuia. Alicheka hadi machozi yakadondoka juu ya kitabu cha safari.

"Nini tena?" aliuliza Kapteni.

"Kapteni, siwezi kwenda. Nina saa tisini na tisa."

Kapteni alichukua kitabu, akasoma taratibu, mstari kwa mstari, kama anasoma wosia. Kisha akavua miwani.

"Teremsheni vifaranga," alisema dirishani kwa wapakiaji. "Wawekeni kivulini, chini ya bawa."

Tajiri alikuja mbio, tai imeruka begani, faili la manila mkononi.

"Kuna nini? Jua linapanda! Kuku hawa wana mwenyewe!"

Kapteni akamweleza, akampa na ile fomu, naye akaitia ndani ya faili. Tajiri alishika kiuno.

"Nusu saa? Yaani mnanizuilia mzigo kwa nusu saa? Kapteni, si uongeze mwendo?"

"Tajiri, hii ni ndege. Siyo bodaboda."

"Basi pita njia ya mkato!"

"Angani?"

Wapakiaji walitazama pembeni, midomo imebanwa. Tajiri alimgeukia binti. "Na wewe, siku ya muhuri wako! Hukuona siku nyingine ya kujua kujumlisha?"

"Nilitakiwa kujua mapema, Tajiri. Kosa ni langu."

"Fomu hii naichana."

"Ukiichana utapepea kwa nini?" alisema Kapteni. "Tazama."

Kweli, maboksi yalikuwa yanapata joto. Dada wa zamu alikuwa tayari kwenye simu akimwamsha rubani msaidizi mwingine, kijana aliyelala siku zake zote za mapumziko kiasi cha kuitwa Bwana Usingizi. Alisema anakuja kwa pikipiki, dakika ishirini na tano. Kwa dakika hizo vifaranga walihitaji upepo. Kila mtu akachukua alichonacho. Wapakiaji walipepea kwa makadibodi, dada wa zamu kwa ratiba ya wiki, mpima mizigo kwa kofia yake. Na Tajiri, baada ya kutazama huku na huku akiona hana namna, alichuchumaa na suti yake yote akapepea kwa faili lililokuwa na fomu ndani.

"Polepole, Tajiri," alisema mpima mizigo. "Watapata mafua."

"Nyamaza! Hawa ni wateja."

Kapteni hakupepea. Alikuwa ameokota daftari la miraba lililodondoka chini ya kiti cha kulia, akalisoma kwa sauti huku akishuka ngazi. "Paa, saa hamsini na tano. Tangi, saa ishirini na tano. Cherehani, kumi na tano." Akasimama mbele ya binti. "Mwezi mzima nimekuwa nikirusha nyumba ya watu bila habari? Paa la mjomba wako mbona halimo kwenye karatasi ya mizigo?"

Binti alijaribu kujibu, kicheko kikamtoka tena, safari hii kikiwa na kilio ndani yake.

"Niliahidi mbele ya watu, mzee. Mjomba ameshaezua. Analala jikoni."

"Sawa. Mzigo ni mzigo, sikuulizi kwa nini umeubeba. Ila nieleze hili. Kila asubuhi ukijaza karatasi ya mizigo, unaanza na nini kabla ya vifaranga, kabla ya mafuta?"

"Marubani. Uzito wetu."

"Kwa nini?"

"Ndege haipimwi bila watu wake."

Kapteni aligeuza daftari, akampa. "Nionyeshe wewe uko wapi humu."

Binti akatafuta. Hakuwamo. Palikuwa na paa, tangi na cherehani, na miraba mingi myeupe.

"Swali la mwisho kwenye fomu linaniuliza kama niko tayari kuruka na wewe," alisema Kapteni. "Leo umesema kweli wakati uongo ulikuwa wa bure, kwa hiyo niko tayari. Lakini sirushi mtu aliyezidisha uzito. Una dakika ishirini. Waandikie watu wako karatasi ya mizigo iliyo sahihi, nawe ukiwa mstari wa kwanza. Ikishafungwa na kuingia ndani ya ndege, natia sahihi. Kuisoma sitaisoma."

"Naweza kuwapigia simu, mzee."

"Ukoo wako una watu wangapi?"

"Wenye simu? Thelathini na mbili."

"Basi andika. Barua haikatizwi."

Dada wa zamu alimpa karatasi tupu ya mizigo. Binti alisogeza boksi la vifaranga lililofunikwa, akapiga magoti, akaandika juu yake huku akipepea kwa mkono wa pili, kalamu ikirukaruka kwa sababu chini yake vifaranga mia moja walikuwa wanasukumana.

*Mama, shikamoo. Tafadhali isome hii Jumapili wote wakiwepo, na shangazi akae karibu na mlango apate hewa.*

*Mwezi huu ndege yangu ilikuwa na nafasi ya saa themanini na moja. Nimepakia hivi. Rubani: kitanda, shati la pili, pasi, na chakula kisichokuwa mkate; saa kumi na sita. Msishangae, ndege haipimwi bila rubani. Mjomba: paa lote, saa hamsini na tano, kwa sababu ameezua na mvua haisomi ahadi. Mjomba, uliuza mabati yako nikapata mabawa. Kuanzia sasa usiezue kitu kingine kabla hujaniuliza. Mama: saa kumi za tangi. Zilizobaki kumi na tano mwezi ujao.*

Hapo kalamu ikasimama. Shangazi yake alikuwa na ulimi wa kuchonga mihogo bila kisu. Binti alifunga macho, akapumua, akaandika.

*Shangazi, hapana. Mwezi huu hapana. Cherehani yako imebaki ghalani. Mzigo uliobaki ghalani haujakataliwa. Una namba, na wewe ni namba moja kwenye ndege ijayo. Najua utasema. Sema Jumapili, ukimaliza uniombee.*

*Siku nane zijazo siruki, hadi saa za zamani zitoke kwenye hesabu; sheria imeniketisha. Nitalala. Msinipigie simu ila kwa kuniimbia.*

*Niliahidi nikiwa juu ya kiti. Hii nimeiandika nikiwa nimepiga magoti, kwa hiyo iaminini zaidi. Mtoto wenu.*

Neno "hapana" alilitazama kwa muda. Halikuwa na pembe wala mkia. Akaliandika kwa mara ya pili juu ya lile la kwanza ili likolee.

Bwana Usingizi aliwasili, shati limefungwa vifungo mshazari, viatu vya ofisi bila soksi, na alama ya mto shavuni. "Nani kafa?" aliuliza.

"Hakuna," alisema dada wa zamu. "Panda."

Maboksi yakarudi ndani, vifaranga wakiwa hai na wakilalamika. Bahasha haikuwepo, kwa hiyo binti alikunja karatasi mara tatu akaifunga kwa utepe wa gundi wa maboksi, akauzungusha hadi ikafanana na kifungashio cha dawa. Mpima mizigo aliiweka juu ya mizani kubwa. Mshale haukutikisika.

"Haina uzito," alisema.

"Ina uzito," alisema Kapteni. "Andika."

"Mizani yangu haijui kitu chini ya kilo moja, Kapteni."

"Basi andika kilo moja."

Tajiri alikuwa anasimama kutoka kwenye kuchuchumaa, mikono kwenye magoti. Aliposikia kilo alichangamka. "Kilo moja ni mzigo. Nani anailipia? Nikate kwenye posho yako?"

"Hapana, Tajiri," alisema binti. Safari hii lilitoka lenyewe, laini, na adabu yake yote. "Vifaranga wako nimewapepea kwa mkono mmoja huku naandika kwa mwingine. Tumemalizana."

 Tajiri akalifungua faili, fomu ikiwa imekunjamana na ina unyoya mmoja wa manjano umeganda juu yake. Kapteni alitia sahihi taratibu, herufi moja moja, ameiegemeza fomu kwenye ubavu wa ndege. Tajiri akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga kwa nguvu kiasi kwamba unyoya nao uligongwa.

"Siku nane," alimwambia akinyoosha kidole. "Ya tisa, alfajiri, maua. Umelala au hujalala?"

"Nitakuwa nimelala, Tajiri."

Bwana Usingizi alipokea barua mlangoni, akaichomeka kwenye mfuko wa nyaraka nyuma ya kiti cha kulia, juu ya karatasi ya mizigo, mahali ambapo wakala wa kampuni wa mji ule angeikuta kwanza na kumpelekea mama. Mlango ukafungwa. Injini ya kushoto ikawaka, kisha ya kulia.

Binti alirudi nyuma hadi mstari wa njano, shati lake la pekee likipepea. Kupitia dirishani alimwona Kapteni akinyoosha mkono, akishika kile kipaza sauti cha matangazo ambacho hakuwahi kukigusa, na midomo yake ikienda taratibu, neno baada ya neno, akiwakaribisha vifaranga elfu sita na barua moja. Ndege ikageuka, ikakimbia, ikainuka na kilo yake.